Skrubu ya Kitanda cha Bibi

Kitanda cha Bibi kilikufa Jumatatu alfajiri, mwenyewe akiwa juu yake. Kaka yangu alikuwa miguuni anazungusha ule mkono wa chuma unaoinua upande wa kichwani, na Bibi alikuwa anapanda vizuri tu, mara ikasikika sauti ya kitu kinachotafuna changarawe chini ya godoro. Upande wa kichwani ukashuka wenyewe, taratibu, na Bibi ameuegemea, mpaka akabaki anatazama dari. Kaka hakukata tamaa, aliendelea kuzungusha. Mkono ulizunguka kwa raha zake na haukuinua kitu.

"Acha, baba," Bibi alimwambia kutoka kule chini. "Unasaga mahindi?"

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bibi ana pumu tangu ujana wake. Akilala chali kwa muda, pumzi inaanza kupiga filimbi, na kifua kikimbana asipoinuliwa upesi midomo inabadilika rangi. Ndiyo maana halali kwenye kitanda cha kawaida. Chake ni kitanda cha chuma cha hospitali, ambacho Babu alikileta nyumbani mimi sijazaliwa, hospitali ilipokuwa inatoa vitu vyake vya zamani. Rangi nyeupe imechubuka kila kona na magurudumu mawili yaligoma kuzunguka siku nyingi, lakini ukizungusha ule mkono Bibi anainuka, na akiinuka anapumua.

Babu mwenyewe simkumbuki sana. Namjua kwa malalamiko ya Bibi: mtu mzito, wa kuiangalia chai mpaka ipoe, wa kufunga kamba za viatu wakati wenzake wameshafika waendako. Alikuwa mkereza wa vyuma, fundi wa kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, wa yale makerezo ya kuzungusha kwa mkono, na nadhani ndiye aliyeniachia ugonjwa huu wa vyuma nilio nao. Bibi huniita mke mwenzangu, na Babu humwita mume wetu, kana kwamba mpaka leo tunagombania zamu.

Basi tukampangia Bibi mito. Mito ikateleza. Tukamhamishia kwenye kiti cha sebuleni, akawa analala ameketi, na kufikia Jumanne jioni miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vya ndani havimwingii.

Kaka yangu ni mtu mwenye huruma, ila ana kasoro moja: kitu kikiharibika, yeye keshakizika. Alikuwa ameongea na watu wa vyuma chakavu waje kukichukua kitanda Ijumaa jioni, na amechagua kitanda kipya cha mbao, kipana, chenye godoro nene na mto wa pembetatu wa kuegemea. Nilimuuliza huo mto utamwinua Bibi kiasi gani kifua kikimbana. Akasema tutamwinua kwa mikono. Nikamuuliza tutamwinua sisi akina nani, maana yeye na mimi tunashinda kazini, na jirani anayemwangalia mchana ni mama mwenye mgongo mbovu. Kuhusu kitanda kipya Bibi aliuliza tu kama mbao zake ni ngumu, na namna alivyouliza iliniuma.

Nikachukua spana nikaingia chini ya kitanda. Mambo ya huko hayakuwa magumu. Ule mkono unazungusha skrubu moja ndefu, nene kuliko kidole gumba. Skrubu ikizunguka, nati ya shaba iliyo juu yake inatembea. Nati ikitembea inaisukuma fremu, na fremu inamwinua Bibi. Nati ilikuwa nzima. Skrubu ndiyo iliyokufa: katikati, pale nati inaposhinda siku zote, meno yalikuwa yamelika mpaka yakawa membamba kama karatasi, halafu yakakatika. Kwenye ncha zake meno yalikuwa bado mazuri. Kichwani, upande unaoshika ule mkono, kulikuwa na vinukta viwili vilivyogongwa kwa nyundo na msumari, kimoja huku na kingine kule, vinatazamana. Nikadhani ni alama za kiwandani.

"Nipe mpaka Ijumaa," nilimwambia Kaka.

"Utaifanya nini?"

"Nitakata nyingine. Unafikiri huwa naenda kazini kupaka kucha rangi?"

Kaka alizitazama kucha zangu, ambazo kwa kweli zilikuwa nyekundu, akasema, "Mpaka Ijumaa, basi."

Kazi yangu ni kukereza vyuma, ila kisu sikishiki kwa mkono. Naandika mistari ya maelekezo, naiingiza kwenye mashine, na mashine inafuata. Karakana yetu ina makerezo ya zamani upande mmoja na kerezo la kompyuta upande wa pili. Hili la kompyuta lilikuja limeviringishwa nailoni nyeupe kutoka juu hadi chini, lina mlango wa kioo, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kabla ya kunawa mikono. Siku ile ile likapewa jina la Bi Harusi na hilo ndilo jina lake mpaka leo. Mkuu wa karakana tunamwita Bwana Twende, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Nilipomweleza habari za Bibi alikuna kidevu, akasema Bi Harusi ana kazi ya mteja wiki nzima, lakini wakati wa chakula cha mchana anapumzika. Nikitaka kula chuma badala ya chakula, shauri yangu.

Kukata meno ya skrubu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chuma kinazunguka, kisu kinatembea kando yake. Ukiiambia mashine kwamba chuma kikizunguka mara moja kisu kisogee milimita tatu, kisu kinachimba mfereji unaojiviringisha juu ya chuma kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, na kati ya mfereji na mfereji panabaki jino. Mfereji hauchimbwi kwa pigo moja, kisu kitavunjika. Kinapita, kinarudi mwanzo, kinapita tena ndani zaidi kidogo, na kila mara mashine inasubiri chuma kifike pale pale kwenye mzunguko ndipo ikiachie kisu kiondoke, ili kiangukie mfereji ule ule. Ukigusa kitufe cha kasi katikati ya kazi, kisu kinawahi au kinachelewa kwa unywele tu, kinachimba pembeni, na chuma chote ni cha kutupa. Ukikianzisha kisu karibu mno, kinagusa chuma kabla hakijashika mwendo wake na meno ya mwanzo yanabanana. Mashine yenyewe haina kosa. Inafanya kile ulichoandika, na ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha kuanza roho inakudunda.

Jumatano mchana nilichukua kitana cha kupimia, vile vibamba vyembamba vya chuma vyenye meno ya kila saizi, nikavijaribisha kimoja kimoja kwenye ncha nzima ya skrubu ya Bibi. Cha milimita tatu kikakaa kana kwamba kimezaliwa pale. Nikapima unene, nikapima kina cha mfereji, nikaandika maelekezo yangu, nikamfungia Bi Harusi mlango, nikabonyeza. Maranda ya chuma yakatoka marefu yanang'aa, maji ya kupozea yakachuruzika kwenye kioo, na wenzangu waliporudi kutoka kula nilikuwa nimeshika skrubu mpya, nzuri, yenye vuguvugu. Nikachukua nati ya shaba nikaipachika kwenye ncha.

Iliingia nusu mzunguko, ikakwama.

Nikaitoa, nikapangusa, nikaipachika tena. Nusu mzunguko, kwama. Nikasema labda meno yangu ni manene. Nikapima: hapana. Labda mfereji ni mfupi wa kina. Nikapima: sawa sawa na wa zamani. Labda kisu kiligusa chuma mapema na meno ya mwanzo yamebanana. Nikakigeuza kitana kila upande, nikakipeleka mwanzo, kati na mwisho, kikakaa kila mahali bila kuonyesha mwanga. Nikaitia nati ile kwenye skrubu ya zamani, upande wenye meno mazima, ikateleza kama siagi. Nikairudisha kwenye yangu, nusu mzunguko, kwama. Hapo nilianza kuona raha, na najua si jambo la kawaida kuona raha kazi inapoharibika. Lakini kosa ninalolijua linanichosha. Nisilolijua linanichangamsha.

Jioni Bibi aliniuliza kutoka kwenye kiti chake kama skrubu imepatikana. Nikamwambia meno yote yako sawa lakini nati inakataa.

"Meno yako sawa na bado inakataa," alirudia, akafikiri kidogo. "Basi ni kama mume wetu alivyokuwa na viatu vipya."

Alhamisi mchana Bwana Twende alikuja kusimama nyuma yangu na sahani yake mkononi. Aliniona nimezilaza skrubu zote mbili mezani na sijafungua mashine. Aliuliza, nikamweleza. Akatafuna, akameza, akatoa hukumu.

"Achana na hiyo nati. Kata mpya inayolingana na skrubu yako, kipande cha shaba kipo kwenye boksi la mabaki. Leo leo Bibi analala. Twende."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera. Skrubu yangu na nati yangu zingeelewana, kitanda kingepanda na kushuka, watu wa vyuma chakavu wangerudi na mkokoteni mtupu. Nilikwenda nikakichukua kile kipande cha shaba. Nilikishika, nikakipima, nikakiweka mezani. Halafu nikaketi. Kulikuwa na kitu ndani ya ile nati ambacho kinajua jambo nisilolijua, na mimi na kitu cha namna hiyo hatuwezi kulala nyumba moja.

Nikafumba jicho moja nikazitazama skrubu mbili zilivyolala sambamba. Jino kwa jino zililingana. Ila mifereji yangu ilikuwa imesimama, na ile ya zamani ilikuwa imelala zaidi, kama mwandiko wa mtu anayeandika ana haraka. Nikageuza, nikatazama upande wa pili. Vile vile. Sasa inawezekanaje meno yenye nafasi ile ile yawe na mlalo tofauti? Mfereji uliolala zaidi unafika mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Ukifika mbali zaidi, meno yangepaswa kuachana zaidi. Na hayajaachana.

Nilifungua mkoba nikatoa chupa yangu ya rangi ya kucha.

"Sasa umeamua kupumzika," alisema Bwana Twende.

Niliweka ncha ya burashi kwenye mdomo wa mfereji, pale unapoanzia kwenye ncha ya skrubu ya zamani, nikawa naufuata na rangi huku naizungusha skrubu kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kuinua burashi. Nilitegemea ile sehemu nzima ya meno mazuri iwe nyekundu. Nilipofika pale meno yanapoanza kulika nikasimama nikatazama. Mfereji mmoja mwekundu, wa pili mweusi wa grisi. Wa tatu mwekundu, wa nne mweusi. Ilikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sikuwa nimeruka hata mmoja. Nikaigeuza skrubu nikaitazama ncha yake usoni, na hapo ndipo nilipoiona midomo miwili, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja unaanza mfereji wake. Skrubu ile haikuwa na mfereji mmoja kama skrubu za watu. Ilikuwa na miwili, inakwenda bega kwa bega kutoka mwanzo hadi mwisho, haikutani, haipishani. Kitana hakikunidanganya. Kilipima jirani kwa jirani kikasema milimita tatu, na ni kweli, ila sikukiuliza kama hao majirani ni wa nyumba moja. Nati ikizunguka mara moja haisogei milimita tatu. Inasogea sita.

Nilicheka peke yangu mpaka Bwana Twende akaweka sahani chini akaja kuona. Alitazama ile milia myekundu na myeusi, akaifuata kwa ukucha wake, akaifuata tena.

"Nani tena anajisumbua hivi?" aliuliza.

Hilo ndilo swali nililorudi nalo kazini mchana ule na nyumbani jioni ile. Mifereji miwili ni kazi mara mbili. Mashine ya kompyuta haioni tabu, lakini kitanda kile ni cha enzi za makerezo ya mkono. Unakata mfereji wa kwanza kwa jasho, halafu unakizungusha chuma nusu duara bila kukosea hata kidogo, halafu unaanza upya, na ukikosea unatupa vyote. Zaidi ya hapo, mkono wa kitanda unakuwa mzito kuuzungusha. Unapata nini badala yake? Unapata mwendo. Kitanda kinainuka kwa nusu ya mizunguko. Sasa nani alikuwa na haraka hiyo? Hospitali ninazozijua mimi hazina haraka hata ya kukuita jina.

Kile kipande cha shaba nilikirudisha kwenye boksi.

Ijumaa wenzangu walipotoka kwenda kula, nilikuwa nimeshaandika. Kwenye maelekezo mapya kisu kinasogea milimita sita kwa kila mzunguko, si tatu. Kwa kuwa sasa kinatembea mbio mara mbili, nilipunguza kasi ya chuma na kukipa kisu nafasi ndefu zaidi ya kushika mwendo kabla ya kugusa. Kisha nikaandika sehemu ya pili, sawa na ya kwanza neno kwa neno, isipokuwa kisu kinaanzia milimita tatu nyuma zaidi. Hizo tatu ndizo nusu ya sita, na kisu kikianzia nusu nyuma kinakikuta chuma kimegeuka nusu duara. Basi. Kilichomtoa fundi wa zamani jasho mimi nilikiandika kwa mstari mmoja, na niliona aibu kidogo.

Nikabonyeza. Mfereji wa kwanza ulipokamilika, mashine ikatulia kidogo, na kupitia kioo skrubu ilionekana vibaya sana, mfereji mwembamba na kando yake uwanja mpana wa chuma kitupu.

"Hiyo mbona ina mapengo?" Bwana Twende aliuliza. Siku hiyo hakwenda hata kuchukua chakula.

"Meno ya utoto hayo. Subiri ya ukubwani."

Kisu kikarudi nyuma, kikapita mwanzo wake wa kwanza, kikaenda kuanzia pale kipya. Nilishika ukingo wa mashine. Kama nimekosea hesabu, kingekwenda kuchimba ubavuni mwa mfereji wa kwanza na ningekisikia kabla ya kukiona. Hakikugusa. Kiliangukia katikati ya ule uwanja mtupu na kuanza kuufungua, pito baada ya pito, na kila kilipopita meno yalizidi kujaa mpaka mapengo yakaisha. Hata Bwana Twende alisahau kusema neno lake.

Nati ya shaba niliipachika na mikono ina mafuta. Nusu mzunguko. Mzunguko mzima. Nikaisukuma kwa kidole kimoja ikaondoka, ikatembea mpaka mwisho wa skrubu, na Bwana Twende akanipokonya akairudisha ilikotoka, akaisukuma tena, kama mtu aliyepewa kitu cha kuchezea.

Nilipofika nyumbani watu wa vyuma chakavu walikuwa wameshaingiza mkokoteni uani na Kaka anawafungulia mlango mpana. Nilisimama mlangoni nikaiinua skrubu juu. Kaka aliitazama, akanitazama mimi, na lazima uso wangu ulikuwa unasema kitu maana aliwaomba wale watu radhi bila hata kuniuliza. Niliwapa skrubu yangu ya kwanza, ile ya Jumatano, ili wasiondoke mikono mitupu.

Tuliifunga pamoja, mimi chini ya kitanda na Kaka ananipa spana. Tukamtoa Bibi kwenye kiti, tukamlaza chali, na Kaka akashika ule mkono akaanza kuuzungusha kwa uangalifu, anautegea sikio. Hakuna kilichotafuna changarawe. Bibi akapanda. Alipokaa sawa akatazama dirisha, akatazama miguu yake, akatulia.

Nikamweleza basi, kwa sababu nisingeweza kukaa nalo. Nilimweleza habari ya mifereji miwili na rangi ya kucha, nikamwambia kuna jambo moja tu silielewi: aliyetengeneza kitanda kile alikuwa anakimbilia wapi.

Bibi akasema kitanda hakikuja na skrubu ile.

Alitusimulia kwamba kilipoletwa kilikuwa kinapanda taratibu mno. Mchana mmoja baba yetu akiwa bado mtoto wa shule, kifua kilimbana Bibi ghafla amelala chali, na Babu akarukia ule mkono akazungusha, akazungusha, naye Bibi anamwona anazungusha lakini yeye mwenyewe hapandi. Kabla hajafika juu, macho yalikuwa yameshaingia giza. Alizinduka na Babu bado ameushika mkono wa kitanda, na haachii. Hawakuongea habari hiyo, Babu hakuwa mtu wa kuongea. Alifungua skrubu na nati yake akaenda navyo kazini, na Bibi akalala kwenye kiti kama alivyolala wiki hii, akaona ndio uzito wa Babu wa siku zote. Siku moja Babu akarudi na kitu kirefu kimefungwa gazeti, nati mpya ya shaba ikiwa juu yake, akaingia chini ya kitanda, na alipotoka akamwambia apande.

"Akaniambia, haya, sasa kohoa," alisema Bibi. "Nikamwambia sina kikohozi. Akasema, kitafute."

Niliitoa skrubu ya zamani kwenye mkoba. Vile vinukta viwili vilikuwa pale kichwani, kimoja huku na kingine kule. Hazikuwa alama za kiwandani. Mtu alivigonga ili ajue nusu duara inaishia wapi, kwa sababu ukishamaliza mfereji wa kwanza na ukageuza chuma kwa kukisia, umepoteza vyote. Mtu yule wa kuiangalia chai mpaka ipoe. Nilimpa Bibi aishike, nikauweka ukucha wake juu ya kinukta kimoja, kisha cha pili, na nikamwambia vilikuwa vya nini. 

"Mnishushe," alisema.

Kaka alisita, lakini alimshusha, mpaka Bibi akawa chali kabisa, skrubu ya zamani imelala kifuani kwake. Alitazama dari. Sisi tulimtazama yeye. Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha uongo, hata jirani nyuma ya ukuta angejua, lakini Kaka hakungoja kujua. Aliurukia mkono wa kitanda akauzungusha kwa nguvu zake zote, na kabla hajapata hata muda wa kutoa jasho Bibi alikuwa ameketi wima mbele yetu, nywele zimevurugika, anacheka na machozi yanamtoka.

"Mume wetu huyo, mke mwenzangu," aliniambia. "Haraka yake ni ile ile."